Mrija Ambao Papa Aliukataa

Papa yangu alikataa mrija wa kaka yake mbele ya wakwe. Nikianzia mahali pengine popote nitakuwa nazunguka bure, na mimi si mtu wa kuzunguka. Kazini huku Bukavu wananijua: nikitaka kusema nasema, halafu naomba samahani baadaye kama inabidi.

Kwa asiyetoka kwetu, mrija ni kitu gani? Ni kijiti cha tete tu, unafyonzea pombe. Lakini kwenye kilima chetu, pale Nyangezi, mambo si mepesi hivyo. Kwetu watu hawaogopi simba, simba wenyewe hawapo. Watu wanaogopa sumu. Ndiyo maana mwenye nyumba akiweka kasiksi mbele ya wageni, ile pombe yetu ya ndizi, yeye ndiye anayeanza kufyonza, wote wakimtazama koo linavyopanda na kushuka. Kisha anampa mrija ndugu yake wa damu. Ndugu akinywa, wageni wanashusha mabega na mazungumzo yanaanza. Ndugu akikataa, hakuna haja ya kusema neno. Amekwisha kusema.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi watu wa Uamsho walipofika kilimani. Walikuja kwa miguu kutoka upande wa Mumosho, wanaume kwa wanawake, mashati meupe, wakiimba kwenye vijia vya mashambani kama watu wanaokwenda arusi. Hawakuwa na kanisa. Walikaa katika nyumba za watu, kwenye mikeka, na kazi yao kubwa ilikuwa kutubu hadharani. Mtu anasimama, anataja dhambi yake kwa jina lake, si kuzungukazunguka. Nimeiba jembe la fulani. Nimemsengenya shemeji. Akimaliza, mmoja anaanzisha wimbo wa kushukuru, wote wanaupokea, wanamkumbatia, basi, jambo limekwisha. Wakatoliki wa parokia waliwacheka sana. Sisi watoto tulipenda kwenda, maana tulisikia huko mambo ya wakubwa ambayo nyumbani tungepigwa kwa kuyauliza.

Nisiwaonee. Mimi leo si mtu wao, lakini siwaonei. Kabla yao papa alikuwa mlevi, tena mlevi wa mikono. Tulijua kwa sauti ya miguu yake kama usiku utakuwa mzuri au mbaya. Kuna jioni alimvunja mama mbavu kwa mwichi wa kutwangia sombe, yale majani ya mihogo, na mama alikaa wiki nyingi akipumua kwa upande mmoja. Ni baada ya hapo alipookoka. Alisimama kwenye mkeka wa watu wa Uamsho, mama ameketi kati ya wanawake, akasema: «Nilimuvunja bibi yangu mbavu juu ya pombe. Mbele yenu na mbele yake, pombe haitaingia tena mu kinywa yangu mpaka nizikwe.» Wakaimba. Mama hakuimba siku ile, alikuwa anamtazama tu.

Na papa alishika neno lake. Eee, alilishika! Alirudisha jembe alilokuwa ameliiba kwa jirani, jembe lenyewe limekwisha makali. Alianza kula nasi jioni, akatuuliza habari za shule, jambo ambalo lilitutia hofu mwanzoni. Watu wa Uamsho walilimiana kwa zamu, shamba la mjane kwanza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mwanaume mzima akipalilia maharagwe ya mwanamke asiye wake. Mimi nimesoma kwa sababu ya watu hao. Ningekuwa mwongo kusema vingine.

Lakini papa hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Alichukua panga akaingia kwenye migomba ya pombe aliyorithi kwa baba yake, akaikata yote, kikundi kikiimba pembeni ya shamba. Kwenye mpaka alisimama papa mukubwa, kaka yake mkubwa, ndugu yake wa pekee, kiko mdomoni. Hakugombana. Alisema tu: «Mudogo, unamukata na papa yetu.» Papa akaendelea kukata. Mahali pa migomba alipanda mihogo na soya.

Papa mukubwa hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu mbaya. Ndiye alinifundisha kupiga mluzi, akanionya nisipige mbele ya mama. Yeye na papa walikuwa wamezoea kukaa kila jioni kwenye gogo moja katikati ya nyumba zao mbili, wakisemezana au wakinyamaza. Baada ya Uamsho waliendelea kukaa pale, mmoja na kiko chake, mwingine na Biblia yake. Ugomvi hawakuwa nao.

Mpaka siku ile ya mahari.

Binti wa kwanza wa papa mukubwa alikuwa amechumbiwa na watu wa Luhwindja, mbali huko upande wa Mwenga. Dada huyo tulilala naye mkeka mmoja miaka mingi, mimi na yeye. Wakwe walifika na ng'ombe wao, wakaketishwa, na papa mukubwa akaweka mtungi wa kasiksi katikati ya uwanja. Akafyonza wa kwanza, wote wakamtazama. Akafuta mrija kwa kidole, akamgeukia mdogo wake, akamnyooshea.

Papa alikuwa amevaa shati jeupe. Akaweka mikono nyuma ya mgongo, hivi, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Akasema: «Mukubwa, mimi niliokoka. Siwezi.»

Kwa watu wa kilima chetu neno hilo lilikuwa na maana. Kwa watu wa Luhwindja halikuwa na maana yoyote, kwao Uamsho ulikuwa haujafika. Wao waliona kitu kimoja tu: ndugu wa tumbo moja amekataa mrija. Mzee wao alichukua kofia yake pale alipoiweka. Hakuuliza swali. Wakafungua ng'ombe wao mtini, wakaondoka, na shangazi yao mmoja akatema mate kwenye njia.

Papa alikimbia nyuma yao kueleza. Aliwaeleza habari za wokovu! Ee Mungu wangu. Watu wanakimbia sumu, yeye anawafuata na mstari wa Biblia.

Kuanzia hapo papa mukubwa akaitwa mrogaji, mtu wa sumu. Hakuna aliyemwambia usoni. Ila alipopita, watoto walivutwa ndani, na kasiksi yake ikabaki bila mnywaji mpaka ikawa siki. Dada yangu yule hakuchumbiwa tena, nani aoe kwenye nyumba ya sumu? Siku moja alifuatana na wanawake waliokuwa wanakwenda kupika kwenye machimbo ya dhahabu huko Shabunda. Aliniachia kitenge chake chenye ndege. Hatukumwona tena, na hatujui hata kama ana kaburi.

Mke wa papa mukubwa alipofariki, papa alikwenda kulia msiba. Kaka yake akamzuia mlangoni.

«Kwanza kunywa,» akamwambia.

«Nitakula chakula yako, mukubwa. Nitalala hapa chini. Lakini pombe, apana.»

«Ile ulikatala haikukuwa chakula.»

Akafunga mlango. Lile gogo lao la jioni liliota uyoga, halafu likaoza. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Hawa wawili hawakuwa na jembe wala kikapu. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo mtu unakosa hata wa kumkasirikia.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikabaki na nyumba yangu ya mbao huko Cimpunda, kwenye mteremko ule ambao mvua ikinyesha tunashikilia kuta kwa maombi. Papa akawa mzee wa kikundi kwao. Papa mukubwa akaugua tumbo. Mimi ndiye niliyemtoa Nyangezi kumleta mjini, maana hakuwa na mtu. Daktari alimpima, akanivuta pembeni, akaniambia tumrudishe nyumbani, tumpe chochote anachotaka kula. Nikamlaza kwenye godoro sebuleni. Nilimuuliza anataka nini, nikidhani atasema samaki.

«Nataka mudogo yangu akunywe ku mrija yangu mbele ya batu,» akasema. «Sitaki kuzikwa na jina ile. Mrogaji banamuzikaka bila batu. Ulisha kuona matanga yenye chakula inabakia? Mimi nilishaona. Ya bibi yangu.»

Nikampigia papa simu. Nilimweleza. Akasema ataomba. Nikamwambia, papa, omba haraka haraka. Akaniambia nisimseme Mungu vibaya. Tukagombana palepale mimi na mzee wangu, dirisha wazi, majirani wote wa Cimpunda wakisikiliza bure.

Kisha likanijia wazo, na nililiona zuri sana. Mutobe! Kasiksi kabla haijawa kasiksi ni mutobe, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa, matamu, watoto wananywa. Watu wa Uamsho wenyewe wananywa mutobe kwenye arusi zao. Nikampigia tena. Nikamwambia: kata ndizi za kaka yako, kwenye shamba lake, kamua wewe mwenyewe, ulete. Yeye ataanza, wewe utafuata. Mrija ni uleule, ndizi ni za kwake, dhambi haipo. Papa akasema: «Muulize kama ataniruhusu niingie mu shamba yake.»

Papa mukubwa alitazama mabati juu. «Akate,» akasema. «Akate ku ile ya chini, ile papa yetu alipanda.»

Mama alinisimulia baadaye jinsi papa alivyofanya. Alichimba shimo, akatandaza majani, akafukia ndizi na moto pembeni ziive, na zilipoiva akazikamua kwa manyasi kwa mikono yake. Mama anasema mikono ilikumbuka yenyewe. Alikuwa anaimba nyimbo za Uamsho huku anakanda ndizi, na mama akaketi mbali kidogo akimtazama, kwa sababu harufu ile ya ndizi mbivu mwilini mwa papa, yeye anaijua inakoishia.

Papa alifika kwa gari la Nyangezi, akashukia kituo cha Essence, akapanda mteremko wetu na bidoni begani, dumu la plastiki ambalo mdomo umezibwa kwa jani la mgomba. Shati jeupe limelowa jasho. Akaingia, akaiweka bidoni chini, akapiga magoti kando ya godoro.

«Mukubwa, nimeleta mutobe.»

Papa mukubwa akageukia ukuta. «Mutobe ni ya batoto.»

Wee! Nilitaka kuwapiga wote wawili. Mtu amebakiza mifupa, anachagua! Papa akaniambia kwa macho nitulie. Akaichukua bidoni akaiweka jikoni kwenye kona, akavua viatu, akabaki.

Na zile siku walizokaa humo ndani, mimi nikienda kazini na kurudi, sitazisahau. Papa alimwosha kaka yake. Alimkata kucha. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu. Nilirudi jioni moja nikasikia vicheko kabla sijafungua mlango: walikuwa wanabishana nani alimsukuma mwenzake mtoni siku ile walipopoteza mbuzi wa baba yao. «Ni wewe!» «Mimi? Mutoto mudogo vile?» Waliponiona wakanyamaza, wakajifanya wazee wenye heshima. Nikaingia jikoni nikalia kidogo juu ya vitunguu. Habari ya mrija hakuna aliyeitaja. Na bidoni ilikaa pale kwenye kona yangu, kando ya mbabula ninayopikia, penye joto zuri, na hakuna mtu aliyeikumbuka. Watu watatu waliozaliwa migombani, ona! Kila mtoto wa kwetu anajua mutobe haimngojei mtu.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, papa mukubwa akafumbua macho akasema: «Muniletee ile mutobe yenu. Na muite bajirani.»

Papa alisimama kwa haraka akagonga kichwa kwenye boriti. Nilikimbia nje. Nilimwita mama mmoja muuza makala, yale makaa ya kupikia, mtu wa Nyangezi, ambaye siku ile ya mahari alikuwa bibi arusi mpya kilimani na aliona yote kwa macho yake. Nikaita na wengine wa kwetu wanaokaa Cimpunda. Wakajaa sebuleni, wengine mlangoni. Nikamimina kwenye jagi. Kwa haraka yangu sikutazama, sikunusa. Papa mukubwa akanielekeza kwenye kifuko chake cha nguo, na ndani, umefungwa kwa kitambaa, kulikuwa na mrija wa tete. Alikuwa ameubeba toka nyumbani.

Tulimwinua. Akafyonza wa kwanza, sote tukatazama koo lake. Akafumba macho. Nadhani alijua palepale, maana alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki njiani. Akafuta mrija kwa kidole. Akamnyooshea mdogo wake.

Papa akainama. Mdomo ulifika karibu kabisa. Nikaona pua yake inacheza. Akasimama.

«Mukubwa,» akasema, «imekwisha kuchacha. Imekuwa pombe.»

«Kunywa tu, mudogo.»

«Ngoja. Ngoja, mukubwa!» Na alisema kwa furaha, hilo ndilo linaloniua mpaka leo, alisema uso unang'aa. «Nitaleta ingine, mupya kabisa. Kesho asubui naenda. Nitakunywa mpaka bidoni ikwishe, batu bote baone. Unikubalie siku kidogo tu.»

Papa mukubwa alitazama mrija mkononi mwake. «Mara ya pili,» akasema polepole. Hakusema kwa hasira. Akaulaza mrija kando ya mto, akaomba tumlaze.

Mama muuza makala alitazama jagi. Akakivuta kitenge chake begani, akatuambia tubaki salama, akatoka. Na wale wengine nyuma yake, mmoja mmoja, kwa adabu. Hakuna aliyegusa kitu.

Nilimfuata papa nje nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii babake. Papa, kunywa! Mungu gani huyo anayehesabu funda moja? Papa hakunikemea. Alisema: «Haiko Mungu tu. Niliahidi mbele ya mama yako. Ulikuwa mudogo, haukusikia vile mbavu inaliaka.» Kwa kweli nilisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia.

Akaondoka asubuhi. Lakini ndizi haziivi kwa maombi, zinataka shimo, moto na subira. Alizunguka kilima kizima akitafuta ndizi zilizokwisha kuiva kwa watu, na watu walipojua ni za nini, wengine walisema hawana. Kaka yake huku Cimpunda aliacha uji, halafu akaacha maji. Aliniuliza mara moja tu kama gari za Nyangezi zimefika. Nikamwambia barabara ina matope, papa mukubwa, anakuja. Alishika mkono wangu, akaendelea kuushika, na baadaye nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeshika.

Papa alisikia vilio akiwa katikati ya mteremko. Waliomwona wanasema hakuitupa bidoni. Alipanda nayo mpaka juu, akaingia nayo, akaiweka kando ya godoro, akasema: «Mukubwa, hii ni mupya.» Kisha akakaa chini.

Tulimrudisha Nyangezi kuzika. Mama alipika, wanawake wa Uamsho walisaidia, masufuria yalijaa. Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Walikaa mbali, kwenye ukingo wa shamba, wamesimama nusu, kama watu wanaongoja gari. Maharagwe yalipoa. Ugali ukafanya ngozi. Yale aliyoyaogopa papa mukubwa yalikuwa yanatokea mchana kweupe, na yeye yuko ndani ya sanduku hana la kufanya. Mama muuza makala alikuwa amekuja kutoka mjini, na hata yeye alisimama huko mbali na wengine.

Papa akaja kwangu. «Ile bidoni ya zamani iko wapi?»

Ilikuwa imekuja kwenye gari pamoja na vyombo, hakuna aliyefikiria kuimwaga. Nilimwonyesha. Aliibeba mpaka katikati ya uwanja, palepale ulipokuwa mtungi siku ya mahari. Akaketi chini kwenye udongo na shati lake jeupe. Akatoa mrija wa kaka yake kwenye kitambaa. Watu wa kikundi chake walikuwa wamesimama kwa mstari kando ya jeneza, vitabu vya nyimbo mkononi. Mama alikuwa na wanawake. Papa akamtafuta mama kwa macho, akamwona, akamtazama muda. Mama hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha.

Akanywa. Si funda moja. Alinywa mpaka tukaona mishipa ya shingo. Pombe ile ilikuwa imeshakuwa kali, karibu siki, nilisikia harufu kutoka nilipokuwa. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamiminika, na akasema kwa sauti ya kufika ukingoni mwa shamba:

«Hamuna kitu ndani! Haikukuwaka na kitu. Toka siku ile, haikukuwaka na kitu.»

Mama muuza makala ndiye alisogea wa kwanza. Alipiga goti, akachukua mrija, akanywa. Kisha mzee mmoja. Kisha wakatoka kwenye ukingo, wakaja, wakala maharagwe yaliyopoa, wakatuomba chumvi, wakalia msiba kwa sauti, msiba wa mtu mwema. Papa mukubwa alizikwa na watu. Lakini hakuwaona, na huo ni uchungu wangu, siwezi kuupamba.

Jumapili iliyofuata kikundi kilikusanyika, siku hizi wana kanisa la mabati. Nilikwenda kwa ajili ya papa. Wakati wa kutubu ulipofika, kila jicho lilikuwa kwake. Mzee wao, tena mwenye ahadi iliyojulikana kilima kizima, alinywa kasiksi kwenye msiba mbele ya watu wote! Walimngojea kwa upendo, nakiri hilo. Walikuwa tayari kumkumbatia. Alitakiwa kusema neno moja tu.

Papa akasimama. Alikuwa amezeeka wiki hiyo.

«Ndugu zangu,» akasema, «iko dhambi nilifanya. Kaka yangu alinipatia mrija, nikaikatala. Akanipatia tena mara ya pili, nikaikatala. Njo hiyo.»

Wakangoja. Aliyeongoza akamwuliza kwa upole: «Na ile ingine, muzee?»

«Ile ingine haiko dhambi.»

Akabaki amesimama, mikono imelegea, akingojea wimbo. Miaka yote ile hajawahi mtu kutubu pale bila kuimbiwa. Mvua ndogo ilikuwa inagonga bati. Watu walitazama vitabu vyao, walitazama miguu yao. Nami nikatazama yangu.

Ndipo nikasikia sauti upande wa wanawake. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja ameuweka ubavuni, pale ambapo mfupa haukuunga sawasawa. Aliuanzisha ule wimbo wa kushukuru. Hakuna aliyeupokea. Akaendelea, ubeti kwa ubeti, anapumua kila baada ya maneno machache, akaumaliza wote peke yake.